Gari Letu Likipita na Besi Yake

Mume wangu alikuwa dereva wa watu kwa miaka mingi kabla hajawa dereva wake mwenyewe. Aliendesha gari nyeupe za shirika moja la kigeni, zile zenye antena ndefu mbele, na ndani ya gari hizo muziki ulikuwa marufuku. Redio yao ilikuwa ya kuitana tu: uko wapi, umefika wapi, rudi. Alizunguka Masisi na Rutshuru na wageni waliosinzia vichwa vikigonga vioo, naye anaimba moyoni, midomo imefungwa. Aliniambia hivyo mwenyewe, na ninaliandika hili mapema ili asije mtu akasema sikumwelewa mume wangu. Nilimwelewa. Ndiyo maana uchungu haujaisha.

Shirika lilipofunga mradi wake, malipo yake ya mwisho tulinunulia gari. Lilikuwa gari dogo la mtumba kutoka Japani, usukani upande wa kulia kama gari nyingi za huku kwetu. Kila alipoliwasha, mwanamke mmoja alitusemesha kwa Kijapani kutoka ndani ya redio, kwa adabu nyingi, na hakuna aliyejua anataka nini. Watoto wetu wawili walimjibu, "Ndiyo, mama!" kisha wakacheka mpaka tukafika barabara kubwa. Redio yenyewe ilishika stesheni mbili tu za Goma, kwa sababu namba zake ziliishia pale zetu zinapoanzia. Bafle za milangoni, zile spika, zilikuwa ndogo kama visahani vya chai, moja ilikuja ikiwa imekufa, na zilizobaki zilitoa sauti ya mtu mwenye mafua.

Mimi sikujali. Mimi nilipenda nyuma ya gari.

Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Asubuhi na mapema nashuka Kituku kuwapokea wavuvi, napima, nabishana, kisha napeleka mabeseni Birere kwa wateja wangu. Kabla ya gari nilipanda moto, pikipiki za abiria, beseni moja mapajani, jingine limefungwa nyuma yangu, na kila shimo la barabara lilinimwagia maji ya samaki mgongoni. Nilinuka ziwa hata kanisani. Tulipopata gari, kofre yake, ile sehemu ya mizigo, ilimeza mabeseni yangu yote na nafasi ikabaki. Mume wangu alinipeleka kwanza, ndipo akaenda kutafuta abiria. Nilifika sokoni mgongo mkavu, kitenge kimenyooka. Mwanamke ambaye hajabeba samaki hawezi kujua mgongo mkavu ni kitu gani.

Siku moja akaniambia, "Mama, leo twende Birere pamoja. Tunabadilisha redio tu. Yule mama wa Japani amenichokesha."

Fundi alikuwa mtu wa Butembo, tunasali naye parokia moja. Kibanda chake kilikuwa katikati ya muuza simu na muuza vipuri, na mbele yake palikuwa na nafasi ya gari moja tu. Alikuwa na mikono myepesi. Aling'oa redio ya Japani bila kuvunja kitu, akaweka nyingine yenye taa za bluu, akabadilisha bafle za milangoni. Alipoijaribu, sauti ilitoka safi, mwimbaji kama amekaa mbele yetu. Nikasema, "Ah, hii ni muzuri," nikasimama ili twende.

Mume wangu hakusimama. Fundi aliingia ndani, akatoka amekumbatia sanduku kubwa lililovishwa zulia jeusi, na katikati ya sanduku bafle moja pana kama sinia.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Hii ndiyo besi, Mama," fundi akasema. "Zile za mulango zinaimba. Hii inapiga."

"Inapiga nani?"

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Walipitisha waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri, chini ya zulia, mpaka nyuma. Wakakwangua rangi ya gari letu mpaka chuma kikang'aa, ili waya mweusi upate pa kushika. Wakafunga ampli, kile kisanduku cha chuma kinachoipa besi nguvu, nyuma ya kiti cha watoto. Mwishoni wakaliingiza sanduku jeusi kwenye kofre. Liliingia barabara. Huwezi kupitisha hata mkono pembeni.

"Na mabeseni yangu?"

"Tutaona, Mama," mume wangu akasema.

"Tutaona wapi? Kofre imejaa."

Fundi ndiye aliyejibu, huku anafuta mikono. "Mama, maji ya samaki na ampli haviwezi kukaa pamoja. Itaungua siku ya kwanza."

Nikamtazama baba watoto. Alikuwa ameinama, anachunguza waya ambao haukuwa na kasoro yoyote. Hapo nikajua kwamba jambo hili walikuwa wamelizungumza kitambo, wao wawili, na mabeseni yangu yalikuwa yameshatajwa na kuhukumiwa mimi sipo.

Basi nikarudi kwenye moto.

Tunakaa Murara, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano. Alipoingiza gari uani, besi ilitangulia. Mbao zilitetemeka, sahani zikagongana kwenye kabati, na majirani wakajua baba yetu amefika kabla mimi sijajua. Taa za mbele zilififia kila besi ilipopiga, kana kwamba gari linapepesa macho. Kibao cha namba cha nyuma kilipiga kelele kama kifuniko cha sufuria, mpaka akakata kipande cha godoro kuukuu na kukisokomeza nyuma yake. Alitumia saa nzima kugeuza viskurubu vya ampli na bisibisi ndogo, anapunguza hapa, anaongeza pale, anakaa, anasikiliza, anatoka tena. Watoto wa mtaa walimpa jina, Papa Besi, naye akalipokea kama cheo.

"Ingia usikie," alikuwa ananiambia.

"Nasikia kutoka jikoni."

"Jikoni unasikia kelele. Ingia ndani usikie muziki."

Sitasema kwamba kila siku ilikuwa mbaya. Jumapili moja tulikwenda upande wa Sake, sisi wanne, madirisha wazi, ziwa kushoto kwetu. Aliweka wimbo wa zamani, wa wakati nikiwa msichana. Wimbo ule nilidhani naujua wote. Siku hiyo nikasikia kwamba chini ya sauti za waimbaji kulikuwa na gitaa nene lililotembea peke yake, polepole, linapanda na kushuka kama mtu anayeongea na nafsi yake. Miaka yote lilikuwemo na sikuwahi kulisikia. Machozi yalinitoka, nikageukia dirishani. Baba watoto alikuwa anatazama barabara, na mimi sikusema kitu kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu, nami nilikuwa na mabeseni ya kubeba.

Kisha mji ukabadilisha wenyewe. Sisemi ni nani alitoka na nani aliingia. Anayeishi Goma anajua, na asiyeishi hapa atasoma kwingine. Ninachokumbuka ni kwamba watu wenye magari waliyageuza kuwa vyuma vya kukaa. Jirani yetu mmoja aling'oa magurudumu, akayaficha chini ya kitanda. Mwingine alizika betri chini ya mkaa. Wenye bunduki walikuwa wanapita mitaani kutafuta gari zinazotembea.

"Ng'oa magurudumu," nikamwambia.

"Nitang'oa."

"Basi toa hata ile besi, tuifiche ndani."

"Mama, kuitoa ni kuiharibu. Niliiweka sawa kidogo kidogo. Nitalifunika tu."

Alilifunika kwa shitingi, lile turubai la wakimbizi, na kwa wiki kadhaa gari lilikaa kimya. Soko likafunguka tena. Watu wakaanza kutembea, moto zikarudi, misa zikajaa. Jumapili moja akasema hali imetulia, twende kanisani na gari letu kama watu. Nilivaa kitenge kipya. Nakiri kwamba nilifurahi kukaa mbele.

Wakati wa kurudi, aliweka muziki. Kidogo tu, alisema. Mtoto wetu mdogo, msichana, alikuwa amevua viatu na kulala kwenye kiti cha nyuma. Tulipofika kwenye njia panda, mtu mmoja mwenye sare alinyoosha mkono. Nyuma yake kulikuwa na vijana wenye bunduki, na pembeni yao mtu mzima aliyenenepa kidogo, amevaa miwani, hana silaha. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na ndiye aliyesogea. Aliinama dirishani upande wa mume wangu, akasikiliza, akitingisha kichwa kwa mdundo.

"Inapiga muzuri," akasema. "Nani alikufungia?"

"Fundi wa Birere, chef. Lakini kuiweka sawa ni mimi."

Hata hapo alitaka sifa! Nilimfinya paja, akanyamaza.

Yule mkubwa akazunguka upande wangu, akafungua mlango kwa adabu kama mtu wa hoteli. "Mama, samahani. Shuka na watoto. Tunaazima gari kidogo, kuko kazi. Mutarudishiwa."

Nilimbeba mtoto akiwa bado na usingizi. Mkubwa mwenyewe alinishikia mkoba nisianguke. Mvulana wetu alianza kulia, akapapaswa kichwa: "Usilie, kijana." Kisha mkubwa akaketi mahali nilipokuwa nimeketi, akarudisha kiti nyuma, na kijana mmoja akashika usukani. Walipoondoka, muziki ulikuwa bado unalia, ule ule tuliouanza sisi. Tukausikia mpaka kona.

Tulitembea hadi Murara. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni, na ni karibu na nyumba ndipo nilipoona miguu yake haina viatu. Njia nzima mume wangu alimshika mvulana mkono. Mimi nilisema mengi, na sijutii hata moja.

Kama lingepelekwa mbali, pengine tungesahau. Lakini mkubwa yule alikuwa amechukua nyumba kubwa ya matofali upande wa juu wa mtaa wetu, nyumba ambayo mwenyewe aliikimbia. Kila jioni gari letu lilipita mbele ya mlango wetu. Tulilijua kabla hatujaliona. Kwanza sahani, kisha mbao, kisha ile besi ikitembea juu ya mawe. Watoto walikuwa wanakimbilia dirishani mwanzoni. Baadaye waliacha. Mvulana alikuwa anaziba masikio na kuendelea kula.

Mume wangu hakuziba masikio. Aliweka kijiko chini na kusikiliza, kichwa kimeinama, kama tunavyosikiliza habari za kifo redioni.

"Wanapandisha sana," alisema jioni moja. "Ampli haitavumilia."

"Iungue."

"Mama, usiseme hivyo."

"Iungue, nasema! Iungue na wao ndani!"

Alinitazama kama nimetukana mtoto wake. Tangu siku hiyo hatukuzungumza juu ya gari wakati linapita. Kila mmoja alisikiliza peke yake, tukiwa kwenye meza moja.

Halafu jioni moja halikupita. Wala ya pili yake. Au lilipita kimya, sijui. Niliosha sahani zangu kwa raha, nikadhani Mungu amelipeleka anakojua mwenyewe.

Fundi alikuja asubuhi, nimetoka sokoni. Alikuwa amesimama kwenye lango na kijana mmoja mwenye bunduki, na hakuinua macho aliponisalimu.

"Mama, jambo. Papa iko?"

"Unamtakia nini?"

"Walileta gari kwangu. Besi imekufa. Nilibadilisha fizibu, ile fyuzi, ikakata tena. Wakaniuliza nani alikuwa anaiweka sawa." Akatazama bunduki ya yule kijana. "Mama, walikuwa wamenishika. Ningefanya nini?"

"Ungesema haujui."

"Wanajua kwamba najua."

Tulipokea komunyo pamoja na mtu huyu. Sikumkaribisha kiti. Hata leo nikimwona kanisani napokea mkono wake wa amani kwa vidole tu.

Mume wangu alitoka chumbani. Nilitegemea kumwona anaogopa, kama nilivyoogopa mimi. Lakini alikuwa amevaa shati safi, lile la pasi, na mkononi ameshika bisibisi zake ndogo zilizofungwa kwenye kitambaa. Nikamvuta pembeni, nikamwekea karatasi za gari mfukoni.

"Ukimaliza kutengeneza, mwambie kwa upole. Mwambie tuko na watoto. Yeye mwenyewe alisema tutarudishiwa."

"Nitamwambia."

"Uniapie."

"Nitamwambia, Mama."

Siku ile sikupika. Nilikaa kwenye jiwe la uani na watoto, na kila moto iliyopita nilisimama. Nilijiambia: wakimuua, ni kwa ajili ya sanduku la kelele. Nilijiambia pia: labda atarudi akiendesha. Niliwaza nitakavyotoa lile sanduku kwa mikono yangu na kulipasua kuni.

Jua lilikuwa linashuka niliposikia. Sahani kwanza. Kisha mbao. Kisha besi, safi, nzito, haina mkwaruzo, inatembea kama ile siku ya barabara ya Sake. Watoto wakaruka: "Papa! Papa ameleta gari!" Nilikimbia hadi lango. Gari lilipita. Ndani alikuwa mkubwa na miwani yake, na kijana wake kwenye usukani. Baada yake, mbali kidogo, kwenye vumbi lao, alikuwa mume wangu anakuja kwa miguu.

Alikuwa anatabasamu. Sikuota. Aliingia, akaweka bisibisi mezani, akaomba maji.

"Ni waya mweusi uliokuwa umelegea," akaanza kunieleza. "Pale tulipokwangua rangi, kutu imeingia. Fundi hakuliona hilo. Nimesafisha, nimekaza, nimepunguza kidogo sauti za juu. Sasa inapiga kuliko zamani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mukubwa alisema niko fundi wa kweli. Alinipa soda, tukanywa pamoja."

"Ulimwomba gari?"

Alikunywa maji mpaka chini ya kikombe.

"Papa watoto. Ulimwomba?"

"Niliona si wakati."

Karatasi zilikuwa bado mfukoni mwake, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja. Nikazitoa, nikazirudisha chini ya godoro. Nilidhani yamekwisha, lakini alikuwa bado na la kunieleza.

"Viatu vya mtoto viko mule," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Chini ya kiti, karibu na ampli. Vyote viwili."

"Umevileta?"

"Nilivisogeza tu, nikapitisha waya. Niliogopa watasema naiba."

Watoto walikuwa wanasikia. Msichana alitazama miguu yake, kisha akamtazama baba yake, kisha akaenda nje. Mimi nikachukua sambaza waliobaki, nikaanza kuwakaanga, kwa sababu watu lazima wale.

Mkubwa yule aliondoka kama walivyoondoka wengine kabla yake. Nyumba ya matofali ikabaki wazi, kisha akaja mwingine. Gari letu liliondoka pia. Mtu mmoja aliniambia ameliona upande wa Rutshuru, limepakwa rangi nyingine. Mwingine aliapa liko mtoni, limelala ubavu. Sikumuuliza mtu wa tatu.

Habari za mkono wa mume wangu zilienea. Wenye gari zenye muziki walianza kumtafuta, na fundi wa Butembo, kwa aibu au kwa akili ya biashara, akamwomba wafanye kazi pamoja. Sasa anashinda Birere. Analeta chakula nyumbani, sikatai. Amenunulia watoto viatu, na siku alipomvalisha msichana, mtoto alisema asante bila kumtazama. Wakati mwingine husema tutafute gari jingine. Namwambia anunue akipenda, lakini libaki na redio liliyokuja nayo.

"Wewe haukupenda muziki hata siku moja," alinijibu mara ya mwisho.

Sikubishana naye. Ningeanzia wapi?

Wiki iliyopita nilipita mbele ya kibanda chao, nimepakiwa kwenye moto kati ya mabeseni yangu. Palikuwa na gari kubwa jeusi, vioo vyeusi, kofre wazi. Mume wangu alikuwa ameingiza nusu ya mwili humo ndani, anakaza kitu. Mwenye gari alikuwa amesimama juu yake, bunduki imeegemezwa ukutani pale ambapo fundi huning'iniza nyaya. Walikuwa wanataniana. Mume wangu alitoa kichwa, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia kwetu tangu zamani, na mtu yule akampiga bega. Kisha wakajaribu, na besi ikanipiga kifuani hata nikiwa upande wa pili wa barabara.

Dereva wa moto akageuka. "Mama, ule si baba yenu? Nisimame?"

"Endelea," nikamwambia. "Samaki wanaharibika."